Likizo ni ya Nani? Kenya na Historia ya Tuisheni ya Hisabati na Sayansi

Katika mfululizo huu wa nchi jirani tumezoea kuvuka mpaka ili kutazama bunge, katiba au uchaguzi. Leo tunavuka Namanga kwa jambo linaloonekana dogo. Tunaingia Kenya, katika darasa la shule ya sekondari, mwezi wa Agosti. Muhula umekwisha kufungwa. Mabweni yangepaswa kuwa matupu na ubao ungepaswa kuwa umefutwa. Lakini ubaoni kuna hesabu ya uwezekano iliyofikia nusu, na madawatini wamekaa vijana wa miaka 16 na 17, kila mmoja akiwa amelipiwa na mzazi wake fedha ambazo hazimo katika ada ya kawaida. Mlango umefungwa. Haukufungwa kwa sababu ya baridi ya Agosti, bali kwa sababu kinachofanyika humo ni kosa la jinai.

Kabla hatujaendelea, tuyatazame maneno, kwa kuwa wewe unajifunza lugha na mimi ndiyo kazi yangu. Fedha ambazo Mtanzania huziita ada, Mkenya huziita karo. Shule ambayo kwetu ni ya sekondari, kwao mara nyingi ni shule ya upili. Tuisheni ni neno linaloeleweka pande zote mbili za mpaka, ingawa mwandishi wa gazeti la Kenya atapenda zaidi kuandika masomo ya ziada. Na likizo? Nomino hii imetokana na kitenzi likiza, yaani kumpa mtu ruhusa ya kuacha kazi kwa muda. Kitenzi hichohicho, katika matumizi ya zamani, kilimaanisha pia kumwachisha mtoto ziwa. Mimi huupenda uhusiano huo. Mtoto anayelikizwa huachwa ale kwa mkono wake mwenyewe. Je, mwanafunzi aliyepewa likizo naye aachwe ajifunze kwa mkono wake mwenyewe, au aendelee kulishwa? Wakenya wamebishana juu ya swali hilo kwa zaidi ya kizazi kimoja, na ubishi wao ukaishia katika kitabu cha sheria.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Kifungu chake cha 36 kinakataza kumtesa mwanafunzi au kumpa adhabu ya kikatili na ya kumdhalilisha, ya mwili au ya akili. Kifungu kinachofuata mara moja, cha 37, kinakataza masomo ya likizo. Anayekivunja anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 za Kenya, au kufungwa jela kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au kupewa adhabu zote mbili. Tafadhali tua hapo kidogo. Viboko na hesabu za Agosti vimewekwa bega kwa bega, na sheria, ambayo imeandikwa kwa Kiingereza, inatumia kitenzi kilekile kwa vyote viwili, kitenzi chenye maana ya kumfanyia mtu jambo asiloweza kulikataa. Ningeombwa nikifasiri, ningeandika kwamba mwanafunzi yeyote asitwishwe masomo ya likizo. Kutwisha ni kumwekea mtu mzigo kichwani. Ilikuwaje taifa linalopenda elimu kama Kenya, taifa ambalo wanakijiji wake walijenga shule za harambee kwa michango yao, lifike mahali pa kumtishia mwalimu wa fizikia kwa jela kwa sababu amefundisha?

Jibu linaanzia katika mtihani. Zamani, wanafunzi wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam walisimamiwa na chombo kimoja, Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ilijitoa mwaka 1971 na kuanzisha baraza lake mwaka 1973. Kenya ilianzisha la kwake mwaka 1980. Kisha, mwaka 1985, katika utawala wa Rais Daniel arap Moi, ambaye mwenyewe alikuwa mwalimu kabla ya kuingia siasa, Kenya iliacha mfumo wa miaka saba ya msingi, minne ya sekondari na miwili ya kidato cha tano na sita, ule ambao Tanzania bado tunaufahamu vizuri. Ikachukua mfumo wa 8-4-4: miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu. Mtihani wa kwanza wa kumaliza sekondari katika mfumo huo, KCSE, ulifanywa mwaka 1989.

Angalia kilichotokea. Kidato cha tano na cha sita kilipofutwa, ile miaka miwili ya kupumua kati ya kidato cha nne na chuo kikuu ikatoweka. Sasa mtihani mmoja, unaofanywa mwishoni mwa mwaka wa nne, ndio ukawa mlango wa udaktari, uhandisi, ualimu na karibu kila ajira yenye mshahara wa uhakika. Mwanzoni mtahiniwa alibeba masomo 10. Baadaye yakapunguzwa, lakini hisabati ilibaki ya lazima kwa kila mtu, hata kwa yule aliyeota kuwa mshairi, na sayansi mbili angalau zilitakiwa juu yake. Muhula wa tatu, ambao ndio wa mitihani, ni mfupi. Kwa hiyo mwalimu aliyetaka kumaliza silabasi na kubakiwa na wiki chache za marudio aliitazama kalenda yake, akaona pengo mwezi wa Aprili, pengo mwezi wa Agosti, na pengo refu kutoka Novemba. Mapengo hayo ndiyo likizo.

Na kwa nini hisabati na sayansi hasa? Kwa sababu ndiko wanafunzi walikoanguka. Kwa miaka mingi ya KCSE, wastani wa kitaifa wa hisabati haukufika alama 30 kwa 100, na kemia nayo haikuwa mbali na hapo. Mwanafunzi aliyekosa somo la historia anaweza kukisoma kitabu peke yake chini ya mti na akaelewa sababu za vita. Aliyekosa somo la logi hawezi kulielewa somo linalolifuata, wala lile la baada yake. Hisabati ni kama ngazi ya mnazi iliyochongwa katika shina: ukikosa hatua tatu za chini, hizo za juu hazikusaidii. Mzazi aliliona hilo bila kuelezwa na mtaalamu, akaingiza mkono mfukoni.

Sasa tufike penye kiini cha jambo, na hapa naomba usome polepole. Laiti tuisheni ya likizo ingekuwa ya kurudia yaliyofundishwa, huenda isingeleta uchungu mwingi. Lakini katika shule nyingi haikuwa marudio. Mwalimu alisonga mbele na silabasi. Wale waliolipa walifundishwa mada mpya mwezi wa Agosti. Septemba shule ilipofunguliwa, darasa zima likaendelea kutoka pale Agosti ilipoishia. Mfikirie msichana wa kidato cha tatu ambaye mama yake anauza mboga sokoni. Amelipa karo ya mwaka mzima kwa shida. Fedha za Agosti hazikupatikana, kwa hiyo alikaa nyumbani, akamsaidia mama, akasoma jioni alichoweza. Anarudi shuleni Septemba, hana deni, hana kosa, na anakuta mada mbili za hisabati na moja ya fizikia zimekwisha kupita. Mwalimu anasema: hayo tulishayamaliza.

Hapo ndipo masomo yanayoitwa ya ziada yanapoacha kuwa ya ziada. Neno ziada lina maana ya kitu kinachozidi kile cha lazima. Ukikikosa, cha lazima unabaki nacho. Kilichouzwa Agosti kilikuwa sehemu ya mkate wenyewe, nacho kiliuzwa kwa mtu aliyekwisha kuulipia mkate huo. Mzazi aliyetambua mtego huu hakuwa na hiari tena. Alilipa ili mtoto asiachwe, na kwa kulipa akasaidia kumwacha mtoto wa jirani. Ndiyo maana nadhani kitenzi kile cha kifungu cha 37, cha kutwishwa, hakikuchaguliwa bure.

Hata hivyo haki inataka tumsikilize mwalimu. Mnamo Oktoba 1997 walimu wa Kenya waligoma, na serikali, uchaguzi mkuu ukiwa mlangoni, ikakubali nyongeza kubwa za mishahara ambazo zingelipwa kwa awamu. Uchaguzi ukapita, utekelezaji ukasuasua kwa miaka. Mwaka 1998 serikali, ikibanwa na masharti ya kupunguza matumizi, ilisimamisha utaratibu wa kuwaajiri moja kwa moja walimu wote wanaohitimu. Idadi ya wanafunzi iliendelea kuongezeka, idadi ya walimu haikuongezeka kwa kasi hiyo. Bodi za shule zikalazimika kuajiri walimu wa muda kwa fedha za wazazi. Mwalimu wa kemia katika shule ya wilayani alijikuta ana madarasa mengi kupita kiasi, maabara isiyo na vifaa, mshahara uliocheleweshwa ahadi, na mwalimu mkuu anayemuuliza kwa nini wastani umeshuka. Akikubali kukaa Agosti shuleni badala ya kwenda kulima kwake, alitaka kulipwa. Mimi ni mwalimu. Siwezi kujifanya nashangaa.

Na mwalimu mkuu naye alibanwa. Kila matokeo yalipotangazwa, magazeti yalichapisha orodha za shule bora, na shule iliyopanda ilipata wanafunzi wenye alama nzuri zaidi mwaka uliofuata, hivyo ikapanda tena. Shule iliyoshuka ilikimbiwa. Mwaka 2014 wizara iliacha kutangaza orodha hizo, lakini kwa karibu robo karne zilikuwa zimekwisha kuwafundisha wakuu wa shule kwamba jirani hapumziki Agosti.

Mwaka 2008 ulileta mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, serikali ilianza kugharimia masomo ya sekondari katika shule za kutwa, ikitenga shilingi 10,265 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. La pili, katikati ya mwaka huo yalizuka machafuko katika mamia ya shule za sekondari. Mabweni yalichomwa, wanafunzi walirudishwa nyumbani, na wabunge wakachunguza chanzo. Wengi waliitaja shinikizo ya mitihani, ratiba iliyojaa tangu alfajiri hadi usiku, na kukosa mapumziko. Wizara ikapiga marufuku tuisheni ya likizo. Haikuwa amri ya kwanza ya aina hiyo, na mwenendo wake ulikuwa uleule wa zilizotangulia: waraka ulisomwa, ukabandikwa, na baada ya muhula mmoja au miwili mambo yakarudi kwa jina jingine. Hapa mwanafunzi wa lugha atafurahi, maana majina yalizaana kweli. Tuisheni ikawa masomo ya kurekebisha. Malipo yake yakawa fedha za motisha. Mahali pengine shule ilifungwa rasmi siku ya Ijumaa na wanafunzi wa kidato cha nne wakaombwa wabaki wiki mbili tu kwa ajili ya kujiandaa. Jina likibadilika, waraka unaolitaja jina la zamani unabaki ukutani bila kazi.

Mwezi Machi 2012 Mutula Kilonzo, mwanasheria maarufu aliyetoka Wizara ya Sheria, alikabidhiwa Wizara ya Elimu. Aliishikilia marufuku ya tuisheni ya likizo kwa ukali kuliko waliomtangulia, akasisitiza kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Wakuu wa shule walipinga. Kulikuwa na kejeli ya historia mwaka huo: Septemba, shule zilipofunguliwa baada ya likizo ambayo waziri aliipigania, walimu waligoma kwa takriban wiki tatu wakidai mishahara, na kalenda ikabidi ibadilishwe, mitihani ya taifa ikacheleweshwa. Siku ambazo watoto walipewa Agosti kwa mkono wa kulia zikapotea Septemba kwa mkono wa kushoto. Kilonzo alifariki dunia Aprili 2013. Mwaka huohuo Sheria ya Elimu ya Msingi ilianza kutumika, na kile kilichokuwa waraka wa wizara, ambao waziri anayefuata angeweza kuufuta kwa kalamu, kikawa kifungu cha sheria iliyopitishwa na Bunge.

Tofauti hiyo ni muhimu katika elimu ya uraia, kwa hiyo niieleze. Waraka unamfunga mtumishi wa wizara. Sheria inamfunga kila mtu. Mwalimu aliyevunja waraka angeweza kuitwa na afisa elimu na kuonywa. Mwalimu anayevunja sheria anaweza kupelekwa mahakamani. Mwaka 2015 kanuni ziliongezwa zilizotaja hata saa za masomo kwa wanafunzi wa kutwa: madarasa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, kisha michezo na shughuli nyingine. Kwa maandishi, mtoto wa Kenya amelindwa vizuri.

Lakini sheria ina mlango wa shule tu. Haina mlango wa sebule. Hapa ndipo mimi huingiwa na mashaka. Afisa elimu anaweza kuingia shuleni Agosti akaukuta ubao umejaa hesabu. Hawezi kuingia katika nyumba ya mtaa wa kitajiri wa Nairobi, ambako mwalimu yuleyule, au mwingine aliye bora zaidi, anamfundisha mtoto mmoja fizikia kwa malipo ya saa. Marufuku ilipofaulu, ilifaulu zaidi dhidi ya ile tuisheni ya bei nafuu, ya darasa zima, ambayo mzazi wa kipato cha chini alimudu kwa kujinyima. Ile ya gharama kubwa ilibaki salama. Baadhi ya walimu waliitumia hoja hii kutetea mifuko yao, najua. Hoja haiwi ya uongo kwa sababu tu anayeitoa ana maslahi nayo. Msichana wa mama muuza mboga alipata nafuu ya kweli: Septemba hakukuta tena silabasi imemkimbia. Kile ambacho hakukipata ni mtu wa kumfundisha logi alizozikosa kidato cha pili.

Kuna jibu jingine ambalo Kenya yenyewe ililibuni, na kwa maoni yangu halisimuliwi vya kutosha. Mwaka 1998, mwaka uleule ambao ajira za walimu zilisimamishwa, Wizara ya Elimu kwa kushirikiana na Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani, JICA, ilianzisha mradi wa kuimarisha hisabati na sayansi katika shule za sekondari. Jina lake la kifupi ni SMASSE. Ulianza kama jaribio katika wilaya tisa, na kuanzia mwaka 2003 ukaenezwa nchi nzima. Waanzilishi walijiuliza kwa nini wanafunzi wanaanguka, wakaona kwamba sehemu kubwa ya tatizo imo katika namna masomo yanavyofundishwa: mwalimu anaongea, anaandika kanuni ubaoni, mwanafunzi ananakili na kukariri, na wote wawili wamekwisha kuamini kwamba hisabati ni ngumu na kwamba sayansi haiwezekani bila maabara ya fahari.

Basi wakaigeuza likizo. Badala ya kumwita mwanafunzi shuleni mwezi wa Aprili au Agosti, wakamwita mwalimu. Walimu wa hisabati, fizikia, kemia na biolojia walikusanyika katika vituo vya wilaya, siku kumi hivi kwa mwaka, kwa mizunguko minne, wakafundishwa na walimu wenzao waliokuwa wametangulia kupata mafunzo Nairobi. Walikaa katika madawati ya wanafunzi. Walipanga somo, wakalifundisha, wakatazamwa na wenzao, wakakosolewa, wakalirekebisha na kulifundisha tena. Ukiwahi kumwona mwalimu mwenye uzoefu wa miaka 15 akikosolewa mbele ya wenzake, utaelewa kwa nini mwanzoni wengine walinung'unika, zaidi ya ule unung'unikaji wa kawaida kuhusu posho.

Nguzo moja ya mafunzo hayo ilikuwa kutumia kilichopo. Nitakupa mfano wa jaribio la namna hiyo, ambalo unaweza kulifanya mwenyewe leo jioni. Chuma maua mekundu ya haibiskasi, yale yanayopandwa kuwa ua wa nyumba. Yatwange, uyaloweke katika maji ya moto kidogo, kisha uchuje. Maji hayo gawanya katika vikombe viwili. Kimoja kitie maji ya ndimu: rangi itaiva kuwa nyekundu au ya waridi. Kingine kitie maji ya magadi: rangi itageuka kuwa ya kijani. Umekwisha kutofautisha asidi na besi bila kununua karatasi ya maabara. Tena magadi yenyewe huchimbwa Kenya, katika ziwa linaloitwa kwa jina hilo. Mwanafunzi aliyeona kikombe kikigeuka rangi mkononi mwake hahitaji kukaririshwa Agosti kwamba besi hubadilisha rangi ya kiashirio.

Mradi uliacha chombo cha kudumu, Kituo cha Elimu ya Hisabati, Sayansi na Teknolojia Afrika, CEMASTEA, kilichoko Karen, Nairobi, na walimu kutoka nchi nyingi za Afrika wamekwenda kujifunza huko. Je, uliponya hisabati ya Kenya? Hapana. Wastani wa kitaifa haukupaa. Mwalimu aliyerudi kutoka mafunzoni alikuta darasa lake lina wanafunzi wengi kama alivyoliacha, na mtihani ukiuliza maswali ya aina ileile. Mbinu ya majaribio huchukua muda, na muda ndio uliokuwa ukinunuliwa na kuuzwa. Lakini ukiniuliza ni nani aliyeitumia Agosti vizuri zaidi, yule aliyemtwisha mwanafunzi silabasi au yule aliyemfundisha mwalimu kutwanga maua, sitachukua muda kukujibu.

Kisha ukaja mwaka 2020, ambao uliyapindua maswali yote. Machi mwaka huo shule za Kenya zilifungwa kwa sababu ya korona. Madarasa ya watahiniwa yalirudi Oktoba 12, na wengine wengi Januari 2021. Uganda, jirani yao wa magharibi, ilikwenda mbali zaidi: baadhi ya watoto hawakurudi darasani hadi Januari 2022. Likizo ambayo ilikuwa imepiganiwa kama haki ikawa adhabu. Waliokuwa na intaneti na vifaa waliendelea na masomo; wengine walitegemea vipindi vya redio na televisheni, na wengine maswali yanayotumwa kwa ujumbe mfupi wa simu ya kawaida. Wizara ilitangaza hata mpango wa walimu kufundisha vikundi vidogo vya watoto katika maeneo wanayoishi, mpango ambao haukufika mbali. Na shule zilipofunguliwa, serikali ilipanga kalenda ya kufidia muda uliopotea: mihula ikasongamana, likizo zikafupishwa, nyingine zikabaki wiki moja tu. Dola iliyoweka kifungu cha 37 ikala likizo yenyewe, kwa kalenda rasmi na bila malipo ya ziada. Sisemi ilikosea. Nasema tu kwamba watoto waliokuwa shuleni miaka hiyo wana haki ya kutabasamu wanaposikia mahubiri juu ya mapumziko.

Leo mfumo wa 8-4-4 uko njiani kuondoka. Mtihani wake wa mwisho wa darasa la nane ulifanywa mwaka 2023, na mtaala mpya unaahidi kupima umahiri wa mwanafunzi hatua kwa hatua, badala ya kumpima siku moja. Kifungu cha 37 kimebaki, na kila likizo ikikaribia viongozi wa wizara hukikumbusha. Kuna jambo moja ambalo ningependa ulitafakari na wenzako darasani, kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa chuo kikuu amerudi kijijini Aprili. Jioni anakaa barazani na vijana watatu wa jirani, anawaeleza logi kuanzia mwanzo, hawatozi hata senti, na asiyetaka haji. Je, vijana hao wametwishwa? Mimi nasema hapana, na nadhani hata aliyekiandika kifungu angesema hapana. Lakini badilisha sharti moja tu, kila mmoja alete shilingi 50. Badilisha jingine, baraza iwe darasa la shule. Jingine tena, mwalimu awe yuleyule atakayewafundisha Septemba. Jaribu kuonyesha ni katika hatua ipi msaada uligeuka mzigo, na utetee jibu lako.

Na ukimpata rafiki wa Kenya wa kuzungumza naye, usimwulize kwanza habari za siasa. Mwulize alipokuwa kidato cha nne Agosti aliitumiaje, na nani aliilipia. Huenda akakujibu kwa neno moja la kwanza, tuisheni, kisha akacheka, na baada ya hapo mtakuwa na mazungumzo ya kutosha.